Roketi ya Maji na Upepo

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za roketi, yaani chombo kile kiendacho juu kwa kutupa moto nyuma yake. Najua wako watakaocheka na kusema, "Bariadi na roketi, wapi na wapi? Sisi ni watu wa pamba na ng'ombe, na mtoto akitaka kitu cha kurusha anayo manati yake." Lakini naomba mnivumilie, maana jambo hili lina ujamaa na nchi yetu kuliko mnavyodhani. Tena lina hatari yake, na hatari hiyo yafaa kutajwa kwa sauti kabla mtoto wa mtu hajapoteza vidole.

Kwanza tuulize, kitu hiki huendaje? Wengi hufikiri ya kuwa moto wa roketi huisukuma hewa iliyo chini yake, kama mtu asukumavyo mtumbwi kwa upondo uliokita katika matope. Sivyo. Mzee yeyote aliyewahi kupiga gobore ajua ya kuwa risasi ikitoka mbele, kitako cha bunduki hulipiga bega nyuma. Na ninyi wa Busega mkaao kando ya Ziwa Viktoria mmeona mara nyingi ya kuwa mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda pwani, mtumbwi hurudi nyuma ziwani. Hakuna aliyeusukuma ila miguu yake yeye aliyeruka. Mwingereza Isaac Newton aliiandika kanuni hiyo katika kitabu mwaka wa 1687: kila msukumo una msukumo mwenzake ulio sawa nao, uelekeao upande wa pili. Roketi hutupa moshi chini kwa nguvu nyingi, na moshi huirudisha roketi juu. Haina haja na hewa ya kuegemea. Kwa sababu hiyo yaweza kwenda hata mahali pasipo hewa kabisa.

Jambo hilo halikuwa wazi hata kwa wasomi. Mwaka wa 1920 gazeti la New York Times lilimdhihaki mwalimu mmoja Mmarekani, jina lake Robert Goddard, likasema ya kwamba hajui hata elimu ifundishwayo wanafunzi, kwa kuwa alidai roketi yaweza kwenda pasipo na hewa. Goddard hakugombana na mtu. Tarehe 16 Machi 1926 alichukua roketi yake mpaka shamba la shangazi yake katika jimbo la Massachusetts, akaiwasha. Ilikaa angani sekunde mbili na nusu tu, ikapanda kadiri ya mita 12, ikaanguka katika shamba la kabichi. Yeye akaandika hesabu zake daftarini, kisha akaenda nyumbani kutengeneza nyingine. Gazeti lile lilisahihisha maneno yake mwezi wa Julai 1969, watu walipokuwa njiani kwenda mwezini. Goddard alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1945.

Na kabla yake alikuwako mwalimu wa shule katika Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, ambaye ugonjwa ulimwondolea kusikia alipokuwa mtoto. Mtu huyo alifundisha hesabu katika mji mdogo wa Kaluga, na mwaka wa 1903 alipiga chapa hesabu zionyeshazo namna roketi iwezavyo kutoka duniani. Roketi yenyewe hakuunda hata moja. Nawatajia habari yake kwa sababu wako waalimu vijijini wanaonisikiliza jioni hii, ambao pengine hudhani ya kuwa mambo makubwa hutoka miji mikubwa tu.

Sasa niwaambieni ujamaa ule niliousema. Mtu akichora mstari ulionyoka kutoka Bariadi kwenda mashariki, mstari huo utapita Serengeti, utapita kwenye mlima wa moto wa Oldoinyo Lengai, utapita kaskazini ya Kilimanjaro, utakata nyika ya Tsavo, kisha utafika pwani ya Kenya karibu na kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Bariadi na Ngomeni zote mbili ziko kusini ya ikweta kwa nyuzi karibu tatu. Na hapo Ngomeni, baharini mbele ya kijiji, Waitalia walisimamisha majukwaa mawili ya chuma yenye miguu iliyokita chini ya maji. Moja liliitwa San Marco na moja Santa Rita. Mkubwa wa kazi ile alikuwa Luigi Broglio, mwalimu wa elimu ya kuruka angani katika chuo cha Roma. Roketi ndogo za kupima hewa zilirushwa hapo mwaka wa 1964. Na tangu 1967 hata 1988 zilirushwa roketi kubwa tisa, kila moja ikichukua chombo cha kuizunguka dunia. Roketi hizo ziliitwa Scout, nazo zilitoka Marekani.

Kwa nini walikuja huku kwetu, wakaacha nchi yao? Dunia hii yajizungusha kama pia, na mahali palipo karibu na ikweta ndipo panapokwenda mbio kuliko pengine pote. Ninyi mliokaa mkinisikiliza hapo Bariadi, pamoja na viti vyenu na ng'ombe wenu, mnachukuliwa kwenda mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, wala hamwoni dalili yake, kwa kuwa kila kitu kinachowazunguka chaenda pamoja nanyi. Roketi irushwayo kwenda mashariki kutoka mahali kama hapo imekwisha kupewa mwendo huo bure kabla haijawashwa. Ni kama mtu arukaye kutoka katika gari liendalo mbio: huruka pamoja na mwendo wa gari. Basi, kama ni mwendo wa dunia, Bariadi na Ngomeni ni sawa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Roketi inapopanda huyaacha maganda yake matupu yakaanguka nyuma. Mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu. Mashariki ya Bariadi ni wanyama wa Serengeti na maboma ya Wamasai.

Katika vyombo vile tisa kimoja kina jina la Kiswahili. Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, nacho kikaitwa Uhuru. Aliyekipa jina hilo ni bibi mmoja, Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi hiyo kutoka Marekani. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi, kama uzito wa magunia mawili ya mahindi yasiyojaa sana. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo mionzi ile ambayo hospitalini hutumika kupiga picha za mifupa. Mionzi hiyo kutoka mbinguni haifiki chini, kwa kuwa hewa huizuia, wala mtu hawezi kuipima akiwa juu ya ardhi. Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka wa 1973, ikaandikisha mahali 339 pa namna hiyo. Bwana Riccardo Giacconi, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi ule, alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Hivyo neno letu, ambalo kila mtoto wa Bariadi alijua, limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na Mjapani na Mrusi hulisoma kama lilivyo.

Upande wa magharibi pia, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, palikuwa na roketi. Kampuni moja ya Wajerumani ilipewa nchi katika Shaba, ndiyo Katanga, ikarusha roketi zake mwezi wa Mei 1977 na Mei 1978. Ya tatu ilirushwa Juni 1978 mbele ya Rais Mobutu mwenyewe, ikaharibika machoni pake. Baada ya mwaka mmoja kampuni ile ilikuwa imeondoka.

Lakini hayo ni mambo ya serikali na kampuni. Turudi kwa vijana.

Mwezi wa Oktoba 1957 Warusi walirusha chombo cha kwanza cha kuizunguka dunia, na vijana wa nchi nyingi wakashikwa na hamu kubwa ya kuunda roketi zao wenyewe. Huko Marekani wana wa wachimba makaa katika kijiji cha Coalwood walianzisha chama chao, wakarusha roketi nyingi, na mwaka wa 1960 wakapata tuzo katika maonyesho ya elimu ya nchi nzima. Mmoja wao, Homer Hickam, alikuja kuwa fundi katika shirika la serikali la kusafiri angani, na habari zao aliziandika kitabuni. Kitabu hicho kimewapendeza wengi. Mimi nacho nakipenda, lakini nafikiri chasomwa upande mmoja tu. Roketi yao ya kwanza iliuvunja ua wa mama yake. Na kama kipande kimoja kingekwenda upande mwingine, huenda tusingekuwa na kitabu. Vijana wengi wa wakati ule hawakuwa na bahati hiyo. Walichukua mabomba ya chuma, wakayajaza baruti ya kuchanganya wenyewe au vichwa vya viberiti, wakayaziba. Bomba la chuma lililojazwa namna hiyo haliitwi roketi, huitwa bomu. Lilipopasuka, vidole vilikwenda, macho yalikwenda, na wengine walikufa.

Aliyeleta nafuu hakuwa mtaalamu. Alikuwa mwuza viatu katika mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska, jina lake Orville Carlisle. Alipenda fataki, na ndugu yake Robert alipenda kuunda ndege ndogo za mchezo. Mwaka wa 1954 waliunda pamoja roketi ndogo ambayo kiwiliwili chake kilikuwa cha karatasi ngumu, mapezi yake ya ubao mwepesi, na ndani yake mwavuli mdogo wa kuiteremsha polepole ili irushwe tena. Baruti yake ilikuwa kidogo, nayo imefungwa katika kaseti ya karatasi na watu wenye kazi hiyo. Mtoto hakuigusa wala hakuichanganya. Mwaka wa 1957 Carlisle alisoma katika jarida makala ya G. Harry Stine, mtu aliyefanya kazi penye roketi kubwa za serikali, aliyeandika juu ya hatari ya vijana kujiundia roketi. Akampelekea roketi zake katika kifurushi. Stine akazijaribu, akaziona njema, na mwaka ule ule wakaanza kampuni ya kuziuza na chama cha kuweka sheria zake.

Na sheria hizo zafaa kujulikana na kila mzazi. Hakuna chuma katika kiwiliwili. Hakuna mtu kuchanganya baruti yake mwenyewe. Roketi huwashwa kwa waya wa umeme na mtu aliye mbali, si chini ya futi 15, baada ya kuhesabu kwa sauti ili wote wasikie. Isipowaka, waya huondolewa kwanza, kisha watu hungoja dakika nzima kabla ya kuikaribia. Dakika hiyo moja imewaokoa wengi, maana tabia ya mtoto ni kukimbilia kuchungulia kitu kilichokataa kuwaka.

Basi je, vijana wa Simiyu wafanye hivyo? Mimi nasema hapana, na sababu zangu nitawapa. Kwetu sheria haimruhusu mtu kufanya wala kuweka baruti asipopewa kibali cha serikali. Hiyo yatosha. Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ngitili. Wageni wanaosikiliza labda hawaijui: ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafungia wakati wa mvua yasilishwe, ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Mwaka wa 1986 serikali ilianza kazi ya kuzirudisha ngitili katika mkoa wa Shinyanga, na Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa huo, maana mkoa wa Simiyu umeundwa mwaka wa 2012. Nchi iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa ikapata tena miti na majani. Sasa fikirini mwezi wa Agosti, majani yamekauka kama karatasi, na mtoto arusha kitu chenye moto kisicho na wa kukiongoza. Cheche moja ikianguka ndani ya ngitili, chakula cha ng'ombe wa kijiji kizima huteketea kabla ya jua kuchwa, na baba wa mtoto huyo atalipa nini?

Lakini iko roketi isiyo na moto hata kidogo. Husukumwa kwa maji na upepo, na kila kitu chake chapatikana Bariadi. Hiyo ndiyo ninayotaka mwijaribu.

Tafuteni chupa ya plastiki ya soda, ya lita moja na nusu. Isiwe ya maji ya kunywa, maana hiyo ni nyembamba. Chupa ya soda imefanywa nene kwa sababu soda yenyewe ina upepo unaosukuma. Isiwe na mkwaruzo wala mkunjo. Chupa ya kioo ni marufuku kabisa, na kopo la chuma vilevile. Kisha chongeni kizibo cha mpira, hata katika kandambili kuukuu, kiingie mdomoni mwa chupa kwa kubana sana. Tobolueni kizibo katikati, mpitishe vali iliyokatwa katika tyubu mbovu ya baiskeli. Gundisheni mapezi matatu ya karatasi ngumu karibu na mdomo wa chupa, maana mdomo ndio utakaokuwa chini. Juu, penye kitako cha chupa, wekeni pua ya karatasi yenye udongo kidogo wa kuitia uzito.

Uzito huo wa pua si pambo. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma, na kila mwindaji ajua ya kuwa mshale usio na manyoya huenda upogoupogo. Kuijua roketi yenu kama itanyoka, fungeni uzi mahali inapolala sawasawa kama mizani, kisha mwizungushe juu ya kichwa ikiwa tupu. Ikitangulia pua, ni njema. Ikitangulia mkia au ikipinduka-pinduka, ongezeni udongo mbele au mapezi nyuma.

Siku ya kurusha, tieni maji, kazeni kizibo, igeuzeni chupa mdomo chini juu ya kiegemeo cha miti kisichoyumba, kisha mmoja avute pampu ya baiskeli kwa mpira mrefu. Upepo huingia na kupanda kwa mapovu mpaka juu ya maji. Hapo huwa kama upinde unaovutwa: nguvu zimo, zangoja. Kizibo kikishindwa kuvumilia huchomoka, upepo huyafukuza maji chini, na chupa huruka. Mvuta pampu atalowa. Hilo halizuiliki, na wenzake watacheka. Mita 20 au 30 za kupanda si ajabu.

Mtauliza, maji ya nini, ikiwa upepo ndio wenye nguvu? Jaribuni pasipo maji, mtaona chupa yaruka kidogo tu na kuanguka. Kumbukeni gobore. Risasi nzito hulipiga bega kuliko bunduki iliyopigwa na baruti tupu. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, basi chupa itupayo maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Lakini mkiijaza maji mpaka karibu na juu, haitakwenda vilevile, kwa kuwa nafasi ya upepo haipo na mzigo umekuwa mkubwa. Kati ya tupu na kujaa pana kadiri iliyo bora, nayo huwa karibu na theluthi moja ya chupa. Msiniamini bure, itafuteni wenyewe, maana kuitafuta ndiyo kazi yenyewe.

Na hapa nataka kukaa kidogo. Nyote mnajua mbegu za pamba ziitwazo UK. Herufi hizo ni za Ukiriguru, kituo cha kuchunguza mazao karibu na Mwanza, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930. Bwana shamba wa Ukiriguru ajuaje ya kuwa mbegu hii ni bora kuliko ile? Huzipanda katika udongo mmoja, siku moja, kwa nafasi moja, kwa palizi moja. Abadilipo mbegu hageuzi neno jingine. Tena hapandi kiploti kimoja, hupanda vingi, kwa kuwa kimoja chaweza kuwa juu ya kichuguu. Roketi yenu ifuate njia hiyo. Mkitaka kujua habari ya maji, upepo wa pampu uwe sawa kila mara, mapezi yawe yale yale, pua ile ile. Rusheni mara tatu kwa robo ya chupa, mara tatu kwa theluthi, mara tatu kwa nusu, mkaandike kila moja hata ile iliyokwenda upande. Kijana akibadili maji na mapezi siku moja, chupa ikapanda juu sana, atafurahi, lakini hatajua ashukuru maji au mapezi.

Nawaza jinsi Bagika na Bagalu wanavyoshindana ngoma baada ya mavuno, kila upande na wafuasi wake na dawa zake. Chama cha roketi chaweza kugawanyika hivyo hivyo pande mbili, kila upande utangulie kuandika mahali chupa yake itakapofika, kisha irushwe mbele ya mashahidi. Hapo dawa haitasaidia, maana chupa haina masikio. Wala wasichana wasiwekwe kando kuteka maji tu. Mwenye mkono mtulivu ndiye ashike kipimo, na mara nyingi huyo ni msichana.

Kupima urefu ni kazi ya akili ndogo na ukweli mkubwa. Kateni karatasi ngumu kwa nusu duara, mfunge uzi wenye kijiwe katikati, mkaandike nyuzi kama za kipimapembe cha shule, lakini sifuri iwe pale uzi unaponing'inia ukingo ukiwa umelala sawa. Mpimaji asimame hatua zilizopimwa kutoka kwa roketi, tuseme mita 50. Aifuate chupa kwa jicho kwenye ukingo wa karatasi, na ifikapo juu kabisa aushike uzi kwa kidole. Kama pembe ni nyuzi 45, chupa imepanda mita 50, sawa na umbali wake. Kama ni nyuzi 30, zidisheni umbali kwa 0.58, mtapata mita 29. Ongezeni urefu wa macho yake kutoka chini, mita moja na nusu hivi. Wekeni wapimaji wawili, mmoja kila upande, maana upepo wa angani huipeleka chupa kwa mmoja na kuiondoa kwa mwenzake. Hesabu zao zikipishana kidogo, chukueni ya katikati. Zikipishana sana, mmoja wao alikuwa akitazama ndege.

Mahali pawe shamba lililokwisha kuvunwa, mbali na njia, mbali na nyumba za bati na nyaya za umeme. Wakati mwema ni asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza. Mwalimu au mzee awepo, naye ndiye aseme neno la kurusha. Wote wasimame nyuma ya kamba hatua kumi na tano, ila mvuta pampu, naye awe mwisho wa mpira wake, na macho ya kila mtu yawe juu mpaka chupa itue. Pampu yenye saa ya kupima isipite ratili 60. Chupa iliyorushwa mara nyingi, ikionyesha weupe penye mikunjo, itupwe, imechoka. Nao wazazi wasiogope habari ya maji wakati wa kiangazi. Theluthi ya chupa ni nusu lita. Marusho ishirini ni lita kumi, nusu ya ndoo.

Shule ikipata hesabu nzuri yaweza kuzipeleka mbele. Chama kiitwacho Young Scientists Tanzania, kilichoanzishwa mwaka wa 2011, huwaita wanafunzi wa sekondari kuleta uchunguzi wao Dar es Salaam uangaliwe na wataalamu. Wataalamu hao hawataulizia urefu kwanza. Wataomba daftari.

Kuna swali moja nililoachia mwisho, maana najua litatokea siku ya kwanza: pampu imevutwa, kizibo kimekwama, na chupa haiendi. Mtu asiisogelee. Msidhani ya kuwa kulegeza mpira upande wa pampu kutautoa upepo, maana vali ya baiskeli haiurudishi; ngojeni nyuma ya kamba mpaka upepo uvuje wote wenyewe, kisha mwalimu peke yake aende kuilaza chini. Mkapunguze kizibo kidogo kwa wembe, mjaribu tena.